Mpira wa Koki Si Kazi ya Fundi

Koki inayodondosha tone moja kila sekunde haimtishi mtu. Sauti yake huzoeleka ndani ya siku mbili, beseni likitegwa chini yake mambo yanaonekana yametulia, na maisha yanaendelea. Hesabu yake, hata hivyo, ni nyepesi kwa yeyote mwenye kalamu. Chukulia tone moja kuwa robo ya mililita. Siku ina sekunde 86,400. Koki hiyo basi humwaga lita 21 na nusu kwa siku, dumu zima na ziada. Kwa mwaka zinakaribia lita 7,900, yaani tangi la lita 5,000 lililojaa pomoni na zaidi ya nusu ya tangi la pili. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndizo zinazotosheleza mahitaji ya msingi; koki moja mbovu hula karibu nusu ya kiwango hicho cha chini, na yenyewe haiogi wala haipiki. Chanzo mara nyingi ni kipande cha mpira chenye upana wa sarafu, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ambayo muuzaji huona aibu hata kuiandikia risiti. Hoja yangu ni kwamba mpira huo ubadilishwe na watu wanaoishi ndani ya nyumba, kwa mikono yao wenyewe, na kwamba desturi yetu ya kuuhesabu kuwa kazi ya fundi ndiyo inayofanya usibadilishwe kabisa.

Koki yenyewe inatuambia hivyo tukiitazama ilivyobuniwa. Hadi karne ya 19 koki nyingi zilikuwa za kugeuza tu: kizibo cha shaba chenye tundu, kinachozunguka ndani ya shaba nyingine. Shaba kwa shaba ilisagana, mwanya ukatokea, na hapo dawa ilikuwa kuisaga upya au kununua nyingine. Mwaka 1845 kampuni ya Guest and Chrimes ya mji wa Rotherham, Uingereza, ilipata hataza ya koki ya kukaza kwa parafujo, mababu wa hizi zilizofungwa uani kwetu, jikoni na kwenye karo la kufulia. Ukigeuza mkono wa koki, mti wake wa parafujo unashuka na kukandamiza kisahani chenye washa mpaka kikae juu ya kiti, ile duara ya shaba ambamo maji hupita. Washa ya zamani ilikuwa ya ngozi, siku hizi ni mpira. Wabunifu walijua lazima kitu kilike pale maji yanapozibwa, wakachagua kilike kile cha bei ndogo na chepesi kutoa, ili kiti na mwili wa koki visalimike. Mpira ukiisha, koki imefanya kazi kama ilivyopangiwa. Uharibifu wa kweli huja baadaye, mpira uliolika ukiachwa humo: maji yanayopenya kwenye mwanya mwembamba kwa kasi huchimba kiti chenyewe, na kiti kikishachimbika hata washa mpya haizibi. Ndiyo maana ndoo ya kutegea, ingawa inaokoa maji ya kufagilia uwani, haiokoi koki.

Sasa tone hilo ni la nani? Nchini Kenya taarifa za WASREB, msimamizi wa huduma za maji, zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaleti malipo: yanavuja kwenye mabomba makuu, yanaibwa, au yanapita kwenye mita zisizosoma sawasawa. Tanzania nayo haina la kujisifia kwenye jambo hili. Huko ndiko lawama zetu nyingi zinakoelekea, na ni haki yetu kulaumu. Lakini mamlaka ya maji hushughulika na bomba mpaka kwenye mita. Kuanzia mita kwenda ndani ni shauri lako. Hapo pana jambo moja ambalo watu wachache hulifikiria. Mita za kawaida, zile zinazozungushwa na maji yenyewe, hazihisi mtiririko mdogo kupita kiasi, na tone moja kwa sekunde halifiki hata lita moja kwa saa. Linaweza kupita mchana kutwa na usiku kucha bila namba kusogea. (Wapo wanaoijua siri hii na hutega ndoo makusudi, hao tuwaachie dhamiri zao.) Mpira ukiendelea kulika, tone hugeuka uzi, mita huanza kusoma, na kuanzia hapo maji yanayopotea ni maji yaliyouzwa. Hatua ya kwanza mamlaka inapata hasara ndogo isiyoiona. Hatua ya pili inapata mapato. Katika hatua zote mbili hakuna ofisa atakayebisha hodi mlangoni pako akiwa na spana.

Tangi la choo lina madhara makubwa zaidi na kelele ndogo zaidi. Mpira wa kuzibia chini ya tangi ukikakamaa, maji huteleza ndani ya bakuli la choo bila sauti, na upotevu wake unaweza kufika mamia ya lita kwa siku. Kuugundua ni rahisi: weka ndani ya tangi rangi ya chakula, ile ya kukolezea ubuyu, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Likiwa jekundu umepata jibu. Na kama maji yanapanda mpaka kwenye bomba la kumwagia ziada, shida iko kwenye boya au kwenye kimpira cha valvu yake. Mara nyingi inatosha kulishusha boya kidogo.

Maelekezo mengi ya matengenezo haya yameandikwa kwa ajili ya miji ambayo maji hayakatiki, na hilo linaficha sababu kubwa inayofanya mipira yetu ife mapema. Nairobi iliingia kwenye mgao Januari 2017 baada ya bwawa la Ndakaini kushuka. Dar es Salaam ilionja hali hiyo Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua. Lakini hata katika mwaka wenye mvua nzuri, mitaa mingi ya miji hii hupata maji kwa zamu. Bomba likikauka hewa inaingia. Maji yakirudi yanasukuma hewa hiyo kwa kishindo na kubandua kutu na tope lililoganda ndani. Dakika za mwanzo koki hutema maji ya rangi ya chai, na ndani yake mna mchanga. Punje zake hukaa kati ya mpira na kiti, halafu mtu anakuja kuifunga koki kwa nguvu, na zile punje zinaukata mpira. Pwani kuna la ziada: nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa zinatumia maji ya kisima yenye chumvi na chokaa, na chokaa hiyo huganda kwenye kiti na kwenye nyuzi za parafujo mpaka koki inakuwa nzito kugeuza.

Juu ya yote hayo tunaongeza mkono. Koki ikianza kudondosha, ushauri wa kwanza katika karibu kila nyumba ni "kaza vizuri", na anayekaza huwa ni yule mwenye nguvu kuliko wote. Mpira uliochoka ukikandamizwa zaidi hupasuka, mti wa parafujo hupinda, na nyuzi zake huliwa. Koki iliyohitaji washa Jumatatu inahitaji kutupwa mwisho wa mwezi. Kitu kingine cha mgao ni tabia ya kufungua koki, kukuta pakavu, kisha kwenda zako ukiwa umeiacha wazi. Maji yanarudi saa tisa usiku na kumwagika mpaka alfajiri. Hilo halina kipuri cha kubadilisha.

Kazi yenyewe ni fupi. Funga valvu iliyo karibu na mita, au ile iliyo chini ya tangi kama nyumba inatumia tangi. Fungua koki mpaka itoe tone la mwisho. Fungua skrubu ya juu kwa bisibisi, toa mkono na kofia yake. Shika mwili wa koki kwa spana moja usizunguke, kisha kwa spana nyingine legeza nati ya kichwa kinyume cha mishale ya saa. Kichwa kitatoka kizima, na mwishoni mwake utaona kisahani na mpira wake, mara nyingi ukiwa na alama ya duara iliyozama au umekatika upande. Uchukue huo mkweche uende nao dukani; kueleza ukubwa kwa vidole ndiko kunakorudisha watu mara mbili. Kabla ya kufunga mpya, futa kiti kwa kitambaa na ukipapase kwa kidole kuona kama kina mkwaruzo. Rudisha kila kitu, acha koki ikiwa imefunguliwa kidogo, kisha fungulia maji polepole ili hewa itoke. Maji yakitokea juu, kwenye shingo ya mti, badala ya mdomoni, basi mpira hauna kosa. Ni kizibo cha shingo kilichoisha, na hukazwa kwa robo mzunguko au huzungushiwa tepu nyeupe ya bomba. Zana zote hizi zinaingia kwenye mfuko wa rambo: bisibisi, tepu, plaizi au spana ya kawaida, na ile spana ya kupanua na kubana ambayo mafundi wameipa jina lisilochapika gazetini. Muda wake, kwa mtu mzima anayefanya mara ya kwanza, hauzidi ule wa kumsubiri fundi aliyesema kwenye simu kwamba yuko njiani.

Na hapo ndipo pingamizi zito linapoingia, la riziki ya mafundi. Ufundi bomba umewalisha vijana wengi wa mijini. Wengine wamepita vyuo vya ufundi vya VETA, wengi zaidi wamejifunza kwa kumshikia spana fundi mkubwa. Ni haki kweli kuwaambia watu wasiwaite? Ningelipa pingamizi hili uzito zaidi kama mipira ya koki ingekuwa inabadilishwa na mafundi. Tazama kinachotokea hasa: koki inategewa ndoo, kisha inafungwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kisha inakazwa mpaka inalia, na fundi anaitwa siku ile maji yamegoma kabisa kufungika. Haya hayatokani na uvivu. Fundi anayefuata mpira mmoja lazima afidie nauli na saa zake, hivyo malipo yake yanauzidi mpira mara nyingi, na mwenye nyumba anaona afadhali angoje kazi ziwe nyingi amwite mara moja. Fundi naye, akiwa ametoka mbali, ana kila sababu ya kushauri koki nzima ing'olewe, maana katika mpira hana chake. Kwa hiyo anayebadilisha mpira mwenyewe anachukua nafasi ya ile miezi ya kusubiri, ambayo haikuwa inamlipa fundi yeyote. Tena mteja aliyeona koki kwa ndani ni mteja bora: anajua kumtofautisha fundi na mbabaishaji, na hasumbui kulipa vizuri pale kazi inapohitaji ujuzi, kama kuchomelea bomba za plastiki, kupanga mteremko wa maji taka au kutafuta uvujaji ndani ya ukuta. Balbu ikiungua hatumwiti fundi umeme, na mafundi umeme hawajafa njaa.

Pingamizi jingine linatoka dukani. Koki za bei rahisi zimejaa, za aloi nyepesi iliyopakwa rangi ya kung'aa au za plastiki tupu, na mtu anaweza kuuliza kwa nini ahangaike na washa wakati koki mpya haimshindi. Pia koki za kisasa za kugeuza robo mzunguko hazina mpira wa kukandamiza; ndani yake mna visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Hapa nakubali sehemu ya hoja. Kauri nzuri kwenye maji safi hudumu miaka mingi kuliko mpira wowote. Lakini maji yetu yana mchanga na chokaa, na kauri ikikwaruzika au kupata ufa, kinachobadilishwa ni kichwa kizima cha ndani, ambacho ukubwa wake hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Ukikikosa, koki nzima inakwenda jalalani pamoja na shaba yake. Ile ya aloi nyepesi ina kasoro nyingine: ikishakaa miaka michache kichwa chake kinagandana na mwili, na ukikilazimisha kinavunjika. Urahisi wa koki hizi basi unalipiwa kwa awamu. Swali la kumuuliza muuzaji kabla ya bei ni kama kipuri cha koki hiyo kinauzwa peke yake na kiko rafuni leo. Ningependa kuona mashirika ya viwango, TBS na KEBS, yakilifanya jambo hilo kuwa sharti kwa kila koki inayoingia sokoni, kuliko kuangalia tu kama koki mpya haivuji siku ya kwanza.

Kuhusu hatari ya kuvunja bomba, wanaoionya hawatii chumvi. Nyumba za zamani zina bomba za chuma ambazo ndani zimeoza, na koki iliyoganda ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuondoka na kipande cha bomba kilichofukiwa ukutani. Kwenye bomba za plastiki, kiwiko chenye nyuzi za shaba kinaweza kupasuka. Ndiyo maana spana ya pili, ile ya kushika mwili, si ya hiari. Mwili wa koki ukianza kuzunguka ukutani, acha, mwite fundi. Valvu kuu ikiwa haifungi, usifungue chochote, maana utabaki umeshika kichwa cha koki mkononi huku sebule inajaa. Na chochote chenye umeme, hita ya bafuni hasa, mwachie mwenye ujuzi. Mipaka hii ipo, lakini mpira wa koki ya uani uko mbali nayo, na nadhani tumeitumia kuogopa hata pale pasipo na hatari.

Linalonisumbua zaidi ni nani tumemfundisha kushika spana. Ripoti ya UNICEF na Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilieleza kwamba katika kaya zisizo na maji nyumbani, wanawake na wasichana ndio wachotaji wakuu katika kaya saba kati ya kumi duniani. Pale maji yalipofika nyumbani, jikoni na kwenye karo la kufulia bado ni wao wanaokuwapo koki inapoanza kudondosha. Anayeijua thamani ya dumu kwa mgongo na shingo yake ndiye anayeambiwa amsubiri mwanamume arudi jioni, naye akirudi anakaza. Shule zingeweza kuvunja mpango huu. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule zifunge elimu na kazi za maisha ya jamii. Katika shule nyingi wazo hilo likaishia kwenye jembe na fagio. Mtaala mpya wa Tanzania unazungumzia stadi na amali, na Kenya ina masomo ya ufundi wa awali kwa sekondari ya chini. Koki moja ya shaba iliyofungwa kwenye ubao, ikifunguliwa na kufungwa na kila mwanafunzi, wavulana na wasichana kwa zamu, ingefundisha shinikizo la maji, parafujo na hesabu ya mililita kwa kipindi kimoja, na gharama yake ni ndogo.

Limebaki suala la wapangaji, na hapa hoja yangu inapata shida kweli. Nyumba nyingi za kupanga zina vyumba sita au nane, koki moja uani, mita moja, na bili inayogawanywa kwa vichwa. Mpangaji anayebadilisha mpira kwa fedha yake anawaokolea wenzake wote na kubaki na risiti peke yake. Asiyefanya chochote hulipa kiasi kile kile. Mwenye nyumba naye bili haimgusi, kwa hiyo haoni haraka. Katika mpango huo hata mtu mwenye spana na ujuzi ana sababu nzuri ya kukaa kimya. Wengine watasema mwenye nyumba ndiye alazimishwe, na kwa mabomba yaliyo ndani ya ukuta nakubaliana nao bila kusita. Kwa mpira wa koki, kumfuata mwenye nyumba anayeishi mkoa mwingine ni kurudi kwenye kusubiri kule kule. Njia iliyo nyepesi ni kuuingiza mpira kwenye bili: anayekusanya fedha za maji aongeze bei ya washa kwenye jumla kabla ya kugawanya, aliyeinunua na kuifunga arudishiwe fedha yake siku hiyo hiyo, na fungu lake la maji mwezi huo lipunguzwe kidogo kwa kazi aliyofanya. Kiasi kitakachoongezeka kwa kila chumba ni kidogo mno kuzusha ugomvi, na mwezi unaofuata, kama uzi wa maji ulikuwa umeshafika kwenye mita, wote watauona kwenye karatasi ya bili.